Kovu Lisilotosha

Dada yangu Asmahani alitoka Kibondo kuja kunipa pole, na kabla chai haijapoa akaanza kunitukana.

"Mnene hivi ulivyo, wakutoe kansa kwa vitundu? Mdogo wangu, tudanganye vingine."

Wanawake waliojaa mkekani wakacheka. Kwetu Kasulu operesheni inapimwa kwa kovu. Jirani yangu Valeria ana lake, limeshuka toka kitovuni mpaka chini, na kila penye mgonjwa hulionyesha kama cheti. Mimi nina kilo mia na ushee, kwa hiyo walitarajia nimepasuliwa kama gunia la maharage.

Nikawaeleza tena, kwa hasira. Daktari Raymond wa Mwanza aliniambia tumbo lenye mafuta mengi likikatwa mkato mrefu, kidonda hutunga usaha upesi na huchelewa kufunga. Ndiyo maana akapitisha kamera na vyuma vyembamba kwenye matundu madogo, kisha akakitoa kipande cha utumbo chenye uvimbe kwa mkato mfupi chini ya kitovu. Akasema pia ndugu zangu wa tumbo moja wapimwe utumbo kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, maana mama yetu alikufa akitoka damu chooni. Niliyebaki naye ni Asmahani tu.

"Mama alirogwa," akasema Asmahani. "Usimbebeshe marehemu ulafi wako."

Hapo nikachemka. Nikapandisha dera mbele yao wote, sikujali haya wala nini. Asmahani akainama, akavitazama vikovu vyangu kimoja kimoja.

"Hivi? Mbu wa kambini Nduta wanauma kuliko hivi!"

Valeria alicheka mpaka akafuta machozi. Nilimchukia dada yangu, nasema kweli. Kule wodini nilikuwa namuwaza yeye, nikipanga maneno ya kumshawishi akapime, na sasa amekuja kunifanya kichekesho nyumbani kwangu.

Nikaondoka kwenda jikoni. Akanifuata, akarudishia mlango.

"Hiyo kamera ya kupimia," akasema bila kunitazama, "inaumiza?"

"Si umesema mama alirogwa? Nenda kwa mganga."

"Shamsia, nakuuliza. Mtu akitoka damu chooni, ndiyo hiyo hiyo?"

Ndipo nikamwangalia vizuri. Dera lilikuwa limemlegea mabegani, na shingo imetoka mifupa.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mfungo."

Idi ya kuchinja ilikuwa imeshapita. Tangu nikiwa wodini nilikuwa nampigia simu kumsihi akapime, naye ananikatia huku anajua. Nikamzaba kofi.

Hakurudisha. Asmahani, ambaye tangu utotoni hajawahi kula kofi langu bila kunilipa mawili, alisimama tu pale jikoni akilia.