Mfalme Aliyeruka kama Farasi

"Kitabu chenyewe si changu," Nirapada alisema kabla hajaulizwa. "Cha mpwa wangu."

Bimalendu, muuza vitabu vikuukuu wa Boi Para, mtaa wa maduka ya vitabu, alikuwa amekaa juu ya rundo la vitabu vya sheria kama kuku anayeatamia. "Mpwa ana miaka mingapi?"

"Kumi. Kumi na... mmoja."

"Sataranji anaiweza?"

"Hovyo kabisa," alisema Nirapada, na hapo angalau hakudanganya.

Nirapada alikuwa mpiga pasi. Siku sita za wiki alinyoosha mikunjo ya watu wengine. Ya saba alishinda chini ya daraja la Gariahat, wanakokaa wacheza sataranji. Sasa Jumapili tatu zilikuwa zimepita hajakanyaga huko. Akiona mteja anakuja na mkoba wa nguo kutoka upande ule, aliinamia pasi mpaka pua ikanusa mkaa.

Bimalendu alimwekea vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa kinene, cha Kiingereza. "Hiki ni cha wenye vichwa. Mwenye vipande vyeupe anarusha askari wa katikati hatua mbili, vita vinaanza papo hapo. Ukisahau mstari mmoja, umezikwa." Cha pili kilikuwa chembamba, cha Kibengali, mgongo umeshikizwa kwa uji wa unga. "Hiki hakina haraka. Mweupe anatoa farasi kwanza. Kisha askari wa upande huohuo, hatua moja tu, na tembo anakaa nyuma yake kama mama mkwe mlangoni. Mfalme anajificha. Ndipo unatazama mgeni kaja na nini, unaamua upike nini."

Hatua moja! Nirapada alikishika kile chembamba. Babu yake alikuwa amemfundisha sataranji ya kale ya nyumbani: askari huenda hatua moja moja, na mfalme, mara moja tu katika mchezo mzima, huruka kama farasi. Kujificha hakukuwepo.

"Anajifichaje?" aliuliza, kana kwamba hajali.

"Mpwa wako hajui hata hilo? Mfalme hatua mbili kwenda pembeni, na ile mashua ya pembeni inamruka, inatua upande wa pili. Vipande viwili kwa zamu moja." Bimalendu akaanza kucheka peke yake. "Ngoja nikupe kali. Kuna mpiga pasi mmoja kule Gariahat. Dada Sutapa, yule mstaafu wa posta, kamficha mfalme wake. Jamaa kasimama, 'Mwizi! Mwizi! Kasogeza viwili!' Watu wakajaa, wakadhani kuna mkoba umekwapuliwa. Kisha yeye mwenyewe kamrusha mfalme wake kama panzi!"

Nirapada alicheka. Alicheka kumshinda Bimalendu, masikio yakimwaka. "Mjinga gani huyo," alisema.

"Mjinga wa kupigiwa mfano! Na dada Sutapa, unajua alifanya nini? Alirudisha mashua na mfalme mahali pake, akasema, 'Haya kaka, tucheze kama unavyojua wewe.' Lakini kaka keshatimua mbio. Hata mwavuli kaacha."

Kicheko kilimkauka Nirapada mdomoni. Maneno hayo ya Sutapa hakuwa ameyasikia.

Bimalendu alifungua ukurasa wa kwanza, kama ilivyo ada kitabu kikiwa zawadi, akachomoa kalamu sikioni. "Nimwandike nani?"

Tramu ilipita, ikagonga kengele. Nirapada aliingoja iishe, kisha hakuwa na kitu kingine cha kungoja.

"Nirapada."

"Jina la kizee hilo kwa mtoto."

"Andika Nirapada. Mpiga pasi. Wa Gariahat."

Kalamu ilisimama hewani. Bimalendu alimtazama mkono, vidole vyenye makovu ya moto. Aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri kuliko bei ya kitabu chenyewe.

Jumapili iliyofuata, chini ya daraja, mwavuli wake ulikuwa umetundikwa kwenye kiti cha Sutapa. Nirapada alikuwa ameyapanga maneno ya kuomba radhi wiki nzima, mpaka akaunguza kola ya mwalimu mmoja. Alipofika, yote yalimtoka.

"Kaa basi, kaka, usinizibie mwanga," Sutapa alisema, akaugeuza ubao ili vipande vyeupe viwe upande wa Nirapada.

Farasi. Askari, hatua moja. Tembo. Nyuma yake wazee walianza kusukumana viwiko. Nirapada alimsogeza mfalme hatua mbili. Akainyanyua mashua, akaipitisha juu ya mfalme, akaitua upande wa pili. Kidole chake kilibaki juu yake.

"Mwizi," Sutapa alisema polepole, akitabasamu bila kuinua macho kutoka kwenye ubao.

Hakuna aliyecheka. Juu yao lori zito lilipita, daraja likatetema, na vipande vyote vikatikisika katika vyumba vyao, isipokuwa mashua moja, iliyokuwa bado imeshikwa.