Msiba wa Mzee Chemsha

Mume wangu alikufa Jumanne asubuhi, na mpaka jioni nilikuwa sijatoa hata chozi. Watu wakaanza kunitazama. Hapa Mtoni mjane asiyelia ni habari ya mtaa mzima. Wanawake wa jumuiya walikuja, wakanishika mabega, wakalia wao, wakanichungulia usoni, wakalia tena. Mie nimekaa kwenye godoro sebuleni, miguu nimeinyoosha, natazama feni. Haukuwa ujasiri, msije mkanisifia bure. Nilikuwa sisikii kitu. Ukishachomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, mdomo unaugusa na unajua ni wako, ila wenyewe haukujibu. Basi mie nilikuwa hivyo mwili mzima.

Marehemu ni Adelard, aliyekuwa Bwana Afya wa kata yetu mpaka alipostaafu. Alipostaafu akaendelea vilevile, bure, maana hakujua kukaa. Masika yakianza tu, huyo, katoka na kipaza sauti chake cha mkono: chemsheni maji, naweni mikono, funikeni vyoo! Watoto wakambatiza Mzee Chemsha. Yeye akalipenda jina, mie likaniudhi. Nilikuwa namwambia, baba Daniel, wenzio wakistaafu wanafuga kuku, wewe unakwenda kuchungulia vyoo vya watu. Anacheka, anavaa viatu, anaondoka. Jumanne hiyo alidondoka bafuni, presha, na njiani kwenda hospitali akakata roho.

Sasa niseme lililokuwa linanikaa kichwani pale kwenye godoro. Wanawake wa mtaa wetu tuna kikundi, na kikundi kina vyombo vya msiba: masufuria yale makubwa ya kupikia umati, sahani, majagi, miko mirefu. Vinatunzwa kwa Bi Raudha, nyumba ya pili kutoka kwetu, kwa sababu ana ua mpana na hakopeshi ovyo. Mtu akifa, huendi kuviomba. Vinakuja vyenyewe. Jua halijazama utasikia masufuria yanaburutwa njiani, na hapo ndipo mfiwa anajua kwamba mtaa umekuja kumzika mtu wao. Vyombo visipokuja, watu wataukumbuka msiba ule kwa hilo mpaka kwa wajukuu.

Jumanne jua likazama, vyombo havikuja.

Sababu niliijua. Mwaka ule wa kipindupindu, mama yake Bi Raudha alifariki. Presha ilimuua, wala si kipindupindu, lakini chakula kwenye mikusanyiko yote kilikuwa kimepigwa marufuku. Asubuhi Adelard aliazima kanzu na kofia, akalibeba jeneza na majirani mpaka makaburini, akatupa udongo wake. Mchana akarudi, safari hii na mgambo. Akakuta ubwabwa umeiva na watu wamekaa kwenye mikeka wanangoja sinia. Akaumwaga wote. Alichimba shimo mwenyewe, akapindua sufuria moja baada ya nyingine, akanyunyiza dawa juu ili hata paka asiguse. Watu wakarudi makwao na njaa, na Bi Raudha kasimama mlangoni mwake na mwiko mkononi.

Tangu siku ile akawa anapita mbele ya nyumba yetu shingo kaigeuzia ng'ambo, kana kwamba sie tunanuka. Mie nilitaka kwenda kumpasha, tena si mara moja. Adelard ananizuia. "Muache, mama Daniel." Nimuache kwa nini, kwani wewe ulikuwa unacheza pale, si ilikuwa kazi? "Muache tu."

Na mtaani kwetu hakufa mtu kwa kipindupindu mwaka ule. Lakini nani alihesabu hilo? Kazi ya bwana afya ndiyo balaa lake: ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea, na hakuna binadamu anayekuja kukushukuru kwa jambo ambalo halikutokea. Ubwabwa uliomwagwa waliuona kwa macho. Ugonjwa ambao haukuingia ndani mwao hawakuuona.

Jumatano akafika wifi yangu Jenipher kutoka Songea, kalala safarini, macho mekundu. Akanikumbatia, akalia, akamaliza, akatazama uani.

"Wifi, mbona huko jikoni kimya? Watu wanakunywa chai na mkate?"

"Vyombo havijaja."

"Vitakuja lini?"

"Sijui kama vitakuja."

"Basi tukakodi! Nimeona hapo barabarani wanakodisha turubai, viti na masufuria yake. Kaka yangu hazikwi kwa chai ya rangi."

"Hakodi mtu sufuria hapa."

"Wifi!"

"Nimeshasema, Jenipher. Huyu mtu kauzunguka mtaa huu mpaka soli zimekwisha. Kama mtaa unamtaka, umletee vyombo. Kama haumtaki, nijue leo. Sufuria za kukodi ni za kuwafumba watu macho, na mie simfumbi mtu."

Akasonya, akatoka nje akisema watu wa mjini mna mambo yenu. Ilitakiwa iniume, kugombana na dada wa marehemu hata mwili haujatoka mochwari. Haikuniuma. Kitu kimoja tu ndicho kilikuwa bado kizima kwangu, masikio. Usiku kucha wanawake wanaimba, wanasali rozari, mie nasikiliza njiani. Pikipiki ikipita naisikiliza. Mtu akikokota ndoo naisikiliza. Nilitaka kujua tu, miaka yote ile ya kelele za chemsheni maji, mtu huyu alikuwa na kwao au hakuwa na kwao.

Alhamisi, siku ya kuzika, alfajiri waadhini hawajamaliza, nikasikia bati linaburuzwa kwenye changarawe. Jenipher akaingia mbio, khanga inamdondoka. "Wifi, yamekuja! Limejaa guta zima la mizigo, na mama mmoja mnene kashika usukani wa msiba kama kazaliwa humu."

Nilidhani hapo sasa nitalia. Wapi! Nikasema tu, "Haya, wapeni mkaa."

Bi Raudha hakuingia ndani. Hakuniletea pole. Nilimsikia uani akiamrisha watu: maji haya yamechemka au yamepata moto tu, ndoo ya kunawia iko wapi, sabuni nani kaichukua, we dada usishike nyama hiyo umetoka kushika pua. Jenipher akaja kuninong'oneza kwamba mama huyu na kaka yake lazima walisomea darasa moja. Nikamwambia hawajasalimiana miaka. Akarudi uani kuchungulia tena.

Mwili ukaletwa, jeneza likawekwa sebuleni, mbele ya godoro langu. Watu wakapita kuaga. Nje chini ya turubai mtu kutoka ofisini akasoma wasifu kwenye spika. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akahamishwa, alikuwa mtumishi mwadilifu aliyehamasisha jamii juu ya usafi wa mazingira. Nikawa najiuliza ni mwanamume gani huyo wanayemsoma. Hawakusema kwamba akialikwa harusini, kabla hajamtazama bibi harusi keshakwenda kutazama choo. Hawakusema aliwahi kusimamisha ubatizo wa mtoto wetu Daniel amuulize padri maji yametoka wapi. Watu walicheka mwaka mzima. Mie nilitaka ardhi inimeze, na sasa natafuta hata ile aibu siioni. Spika ikasema ameacha mjane mmoja na mtoto mmoja. Nikasikia, nikaelewa kwamba mjane ni mie, basi.

Chakula kikaanza kugawiwa. Pazia likafunguliwa, akaingia Bi Raudha. Mkono mmoja sahani ya ubwabwa na nyama, mkono wa pili birika la maji na bakuli. Wale wanawake waliokuwa karibu yangu wakatazamana, wakakumbuka wana kazi uani. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mama Daniel."

"Bi Raudha."

"Nawa, ule. Makaburini mbali na jua kali."

"Kaa tule wote."

"Mie sili."

Hapo ndipo nikahisi kitu kidogo, cha moto, hapa chini ya koo. "Kama umekuja kulipa kisasi cha ubwabwa wa mama yako, si ungeyaacha masufuria yako huko huko? Umenipikia watu wangu ili ukatae mbele yangu?"

"Sina kisasi na mumeo."

"Miaka yote unamgeuzia shingo, leo huna kisasi?"

"Nilikuwa siwezi kumtazama." Akaweka birika chini. Sauti yake ikashuka. "Hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Kumbe hakukwambia." Akakaa kitako sakafuni, pwaa. "Siku ile magharibi, watu wameshaondoka wote, alirudi. Peke yake. Kashika sufuria ndogo ya uji imefunikwa, moto unatoka mvuke. Akaniambia, Bi Raudha, hujatia kitu mdomoni tangu jana, huu nimeukoroga mwenyewe pale ofisini, umechemka vizuri. Nawa mikono kwanza. Mama Daniel, nawa mikono kwanza! Kamwaga chakula cha mama yangu mbele ya ukoo mzima, halafu ananiambia ninawe. Nikaipokea ile sufuria, nikammwagia miguuni."

Nikamtazama. Yeye alikuwa analitazama jeneza, upande wa chini.

"Kavaa makubadhi," akasema. "Hata hakupiga kelele. Aliinama akaokota mfuniko, akaniambia pole kwa msiba, akaondoka anachechemea. Nikangoja polisi. Nikakungoja wewe, maana mdomo wako naujua. Kimya. Kesho yake kapita, mguu una bendeji, kaniamkia vizuri kabisa, habari za asubuhi Bi Raudha. Mtu akikukosea, ipo siku utamsamehe. Uliyemkosea wewe, halafu anakusalimia kila siku ya Mungu, huyo utamtazama kwa macho gani? Juzi wanawake wamekuja kwangu kuchukua vyombo, nikajifungia ndani, nikawaambia naumwa. Niliona nitaingiaje nyumba hii na sufuria. Usiku wa jana sikulala. Nikasema potelea mbali, nitampikia, ila kula chakula chake siwezi."

Mguu wa kushoto wa Adelard ulikuwa na kovu, kuanzia kwenye kifundo mpaka vidoleni, ngozi nyembamba inayong'aa. Aliniambia ni dawa ya kazini, pipa la klorini lilipinduka. Kidonda kile nilikisafisha mie. Kila asubuhi maji ya chumvi na pamba, huku natukana wakubwa wake wa kazi, wanawapaje watu dawa kali bila buti za maana, hawana haya, na yeye kakaa kwenye kigoda mguu kanipa, anaitikia, "Kweli, mama Daniel, wazembe sana wale." Mpaka niliwahi kutaka kwenda ofisini kwao. Akasema tusubiri kwanza kipone.

Angeniambia ukweli ningetoka na mchi. Ningemvunja meno mwanamke aliyemzika mama yake siku hiyo hiyo, na kikundi kingegawanyika, na mtaa ungegawanyika. Alinijua. Akaona bora anidanganye, na akanidanganya mpaka akafa, na kila usiku ule mguu ulikuwa kitandani pembeni ya wangu. Akinisikia namsema Bi Raudha anasema muache tu.

Hasira ndiyo iliyotangulia, Mungu anisamehe. Mjane hainuki kwenye godoro hovyo, lakini nikainuka, sahani ikamwagika, nikalifikia jeneza nikalipiga kofi juu ya mfuniko.

"Adelard! Mwongo mkubwa wewe! Pipa la klorini! Mie nakuosha kidonda, unanitazama machoni unasema pipa la klorini! Hata mie? Hata mie mkeo, Adelard?"

Wanawake wakaja mbio kutoka uani, Jenipher mbele yao. Kule nje spika ikanyamaza. Nikapiga tena, nikamuuliza tena, hata mie, nikanyamaza kidogo kumpa nafasi ajibu kama nilivyokuwa nafanya siku zote tukigombana. Hakujibu. Nikangoja. Ndipo nikaelewa kwamba hatanijibu tena, si leo, si kesho, na mwili wangu wote ukarudi kwa mkupuo mmoja na kila mahali palikuwa panauma.

Nikalia. Nililia mpaka mtoto wangu Daniel akaingia ndani akidhani nimezimia. Bi Raudha alikuwa kanishika kiuno kwa nyuma nisianguke, na yeye analia, na watu wakatuacha tulie.