Vipele Viwili vya Kibwana

Mimi ni mwepesi wa hasira, nakiri mapema. Mume wangu anajua, mama mkwe anajua, na kitongoji chetu kizima huku Mbwera kinajua kwamba Nesi Mwanaidi akianza kuvua glavu taratibu, mtu ajitafutie pa kukimbilia. Lakini hajatokea wa kunipandisha presha kama shemeji yangu Kibwana, mdogo wake mume wangu.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano alikuja zahanati mguu umefungwa kipande cha kanga, na bado anacheka.

"Shemeji, nipake dawa nirudi shamba. Mbwa wangu kanichezea vibaya."

"Kakuchezea au kakung'ata?"

"Kaning'ata kidogo. Na mbuzi wa mama naye kamng'ata. Tangu juzi hali, udenda unamtoka tu. Labda kala nyoka."

Mbwa kabadilika tabia, anadondosha mate, anamng'ata anayemlisha! Nikamburuta Kibwana hadi kwenye tangi la maji ya mvua, nikakiosha kile kidonda kwa sabuni robo saa nzima huku akilalamika namchubua. Kichaa cha mbwa kikishaanza kujionyesha kwa mtu, hakuna hospitali itakayomrudisha. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kumumunya maneno.

"Mbwa wangu nimemlea mwenyewe," akasema. "Hawezi kuniua."

"Kaburini utaenda kumweleza hayo Munkari na Nakiri!"

Nilipiga simu wilayani Kibiti. Kesho yake chanjo ikaja kwa bodaboda mpaka Nyamisati, ikapanda boti, ikanifikia ndani ya kasha la barafu. Yule mbwa alikuwa amewang'ata pia Mzee Mashaka na mkewe njiani, kwa hiyo niliwakusanya wote watatu. Ndivyo tunavyofanya. Kichupa kikishafunguliwa hakilali, kinatumika siku hiyo hiyo au kinamwagwa. Unamchoma kila mmoja kidogo tu kwenye ngozi ya juu, mkono huu na mkono huu, kisha wanarudi baada ya siku tatu, na tena siku ya saba. Ile dawa nyingine ya kuzungushia kidonda, ambayo ni kinga iliyokwisha kutengenezwa, siku hiyo haikupatikana. Mwili wa Kibwana ungejifunza wenyewe kabla virusi hawajafika kwenye ubongo, au tungemzika.

Kibwana akaviangalia vipele viwili vilivyotuna mikononi.

"Ndiyo hii tu? Mbu wetu wanachoma kuliko wewe!"

Kwetu sindano ya kweli ni ya takoni, urudi nyumbani unachechemea, la sivyo nesi kakupunja. Nilimwonya asikose kurudi. Jioni ile mbwa akafa.

Siku ya kurudi, Mzee Mashaka na mkewe walifika asubuhi na mapema. Kibwana hakuonekana. Nikafungua kichupa, nikawachoma wale wawili, nikaanza kutazama saa. Saa nne ikapita, ikaja saa tano. Nikamfuata mama mkwe.

"Kibwana mbona keshachomwa," akasema. "Jana kapita muuza dawa wa kutembeza, kamdunga ya takoni. Kasema kapona."

"Kamdunga dawa gani, mama?"

"Nyeupe."

Nyeupe! Yarabi, nilitaka kulia na nilitaka kupiga mtu. Nikalitwaa kasha la barafu na ile saa ya kufunga zahanati nikaiacha iende zake. Nikavuka mkono wa mto kwa mtumbwi, nikakanyaga matope mpaka magotini. Mpunga ulikuwa umeshatoa masuke, na kila shamba lilikuwa na dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo mtu hukaa msimu wote akilinda. Kibwana alikuwa juu ya lake, kombeo mkononi, akiwinga ndege.

"Shuka!"

"Sishuki. Nishachomwa ya ukweli. Kukaa kwenyewe siwezi!"

Nilimtukana, sitaficha. Nilimwita jina la kila mnyama wa bondeni na yeye akanitajia waliosalia, maana shemeji na shemeji hawakosi maneno. Hasira ikaisha, ikabaki hofu. Nikaketi kwenye ngazi ya dungu nikaanza kulia. Nilipoolewa, huyu alikuwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga vifungo vya shati la shule. Nilimpenda mjinga yule, na kifo kile nilikuwa nimekiona kwa macho yangu mara moja, sikutaka kukiona tena.

Sauti yake ikaja kutoka juu kwa upole, "Basi niambie, shemeji. Vile vipele viwili vinafanya nini?"

Nikafuta kamasi. Nikamuuliza, "Wewe nguruwe wakiingia mpungani, unapigana nao peke yako?"

"Nina wazimu? Nakimbia kijijini kuita watu."

"Na wakikubishia?"

"Nawapelekea mpunga uliotafunwa, au kinyesi. Wakiona wanajua ni mnyama gani."

"Sasa ngozi yako nayo ina walinzi. Wanaitwa seli za dendriti, wana matawi matawi, wamejaa hapo juu kuliko kwenye tako lako lote. Ndiyo maana nachoma hapo. Ndani ya dawa mna virusi waliokwisha kuuawa. Mlinzi anawameza, anachukua kipande, anashuka nacho mpaka kwenye tezi la kwapani. Huko ndiko wanakokaa askari, seli T. Anawaonyesha kile kipande. Asiyekitambua anapita, anayekitambua anasimama."

Kibwana akateremka vidato viwili. "Akionyesha tu, wanatoka?"

"Hawatoki. Lazima na kelele iwepo. Akionyesha bila kupiga kelele, wanaona ni jambo la kawaida, wanazoea. Na kelele zenyewe hazifanani."

"Kama zetu!" Macho yalimtoka. "Nikiita ya ndege, wanakuja na makombeo. Nikiita ya kiboko, wanakuja na madebe na moto. Ukikosea mwito umeua watu."

"Ehee! Hata askari wale, watakachokuwa kinategemea mlinzi alivyowaita. Wengine wanakwenda kuua, wengine wanakwenda kuamsha watengenezaji wa kingamwili, ambazo ndizo zinazomkamata kirusi."

Akatafuna jani la mpunga. Nilijua akili yake iko kazini, nikamwacha afikiri, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Shemeji," akasema polepole, "mimi nikiita mara moja, wanasema Kibwana kaota. Wanatoka wawili watatu, wanarudi kulala. Nikiita ya pili ndiyo kijiji kinaamka. Ya tatu wanakuja na mikuki wanakimbia."

Alikuwa amenifafanulia siku ya tatu na ya saba kuliko mkufunzi wetu wa Kibiti alivyotufafanulia kwa semina nzima.

Kibwana akashuka mpaka chini, akakunja mikono ya fulana. "Haya, waite."

Nikamchoma palepale, mkono huu na mkono huu. Siku ya saba alinitangulia zahanati, nikamkuta kakaa mlangoni anamhadithia mke wa Mzee Mashaka habari za walinzi wa kwapani kana kwamba kawazaa yeye.

Wiki ya nne mbuzi wa mama mkwe akaanza kujigonga ukutani na kulia sauti isiyo ya mbuzi. Siku mbili, akafa. Kitongoji kikaingiwa na baridi. Mbwa alikuwa mmoja na siku ilikuwa moja. Watu wakawa wanamwangalia Kibwana kwa pembeni, na mama yake akaacha kula.

Wiki ya sita Kibwana akaamka na homa, anatetemeka, kichwa kinampasuka. Wakamleta zahanati wamembeba, mama mkwe nyuma analia kama msiba umeshafika. Nikampima damu ya kidole kwa kipimo cha haraka. Mistari miwili. Malaria.

"Ni malaria tu!" nikasema. Hakuna aliyeniamini. Na mimi, wallahi, sikujiamini vizuri, kwa sababu malaria haimzuii mtu kuwa na lile jingine.

Ugonjwa ule mtu hawezi kumeza maji. Akiyaona tu, koo linambana, anaruka. Wote tulilijua hilo, na hakuna aliyethubutu kulitamka. Nikachota maji kikombe kizima cha bati, nikamshika Kibwana kisogoni.

"Kunywa."

Akaniangalia. Naye alijua ninachokipima. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akakipeleka mdomoni, na chumba kizima kikaacha kupumua tukilitazama koo lake. Likapanda. Likashuka. Likapanda tena, likashuka, glu, glu, glu, mpaka akakipindua kikombe juu chini lisibaki hata tone.

Mama mkwe akapiga kigelegele mpaka kikasikika ng'ambo ya mto, kumshangilia mwanawe mwenye malaria. Mume wangu akakaa sakafuni akiita Alhamdulillahi, Alhamdulillahi. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, pua na macho, na sikuona aibu.

Kibwana akaninyooshea kikombe. "Shemeji, ongeza. Au mpaka niite mara tatu?"

Nikamwongezea.