Aliyemaliza Kisa cha Mwizi

Kwa miaka kumi alikuwa dobi wa hospitali. Wenzake walimwita Mvuke, kwa kuwa hakujua kutulia. Ngurumo za mashine zilimfaa, maana humo ndimo alimofanyia mazoezi ya uchekeshaji, akiyasimulia mashuka aliyokuwa akiyakunja. Mashuka hayacheki, alikuwa akisema, lakini pia hayainuki yakaondoka.

Jumamosi moja alasiri akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza, katika chumba cha juu cha mgahawa. Kila chipukizi alipewa dakika tano. Dada yake mkubwa alikaa safu ya mbele, mikono kifuani.

"Mama hajamaliza mwaka kaburini," alikuwa amemwambia ngazini, "nawe unakwenda kumcheka hadharani."

"Simcheki, dada. Namsimulia."

Dakika mbili za mwanzo maji yalimfika shingoni. Vichekesho vya hospitali vilianguka kimoja kimoja. Mtu akakohoa, kijiko kikagonga kikombe. Akakimbilia kisa cha mama.

"Jumanne moja mwizi aliingia kwetu mchana kweupe..."

"Alhamisi," sauti ikasema kutoka nyuma.

Watu wakacheka kidogo. Mvuke akatupa macho huko. Safu ya nyuma ilikuwa na viti vitupu, na dirisha lililofungwa.

"Haya, Alhamisi. Mama akadhani ndiye fundi bomba aliyekuwa akimsubiri. Akampeleka jikoni, akamwonyesha bomba linalovuja. Mwizi wa watu akalitengeneza. Alipomaliza akawa anajiendea zake, redio yetu kwapani. Mama akamwita..."

Akavuta pumzi amalizie. Hakuwahi.

"Redio nzima hiyo, mwanangu. Mbovu ni pasi."

Ilikuwa sauti ya mama, na ule mkwaruzo wake wa kifua. Ukumbi ukaangua kicheko, watu wakapiga meza. Mvuke alisimama na maiki mkononi, akivitazama tena vile viti vitupu vya nyuma.

"Hiyo sauti ya bibi umeipatia," mshereheshaji akamwambia alipokuwa akishuka. "Usiibadilishe."

Dada alimngoja mlangoni. "Midomo yako ilikuwa imefumbwa," akasema polepole. "Nilikuwa nakutazama."

Siku ile ya mwizi, wao wawili walikuwa shuleni. Aliyekuwapo nyumbani na mama ni mama mdogo. Wakampigia simu.

"Ilikuwa Alhamisi," akajibu bila kufikiri. "Mbona mnauliza?"

Wakamshukuru, wakakata simu.

Mwezi uliofuata Mvuke akarudi jukwaani, na dada akaja naye. Safari hii alisema Alhamisi mwenyewe, na alipofika kwenye redio akanyamaza makusudi. Akasubiri pumzi moja, mbili, tano. Nyuma kimya. Kumbe alikuwa akitamani kuisikia ile sauti. Basi akamalizia mwenyewe, na watu wakacheka mpaka machozi.

Dada hakucheka. Alikuwa ameziba mdomo kwa viganja.

"Mbona umetumia sauti yake?" akauliza njiani.

"Nimetumia yangu."

"Niliyoisikia mimi si yako, mdogo wangu."

Mpaka leo hawajakubaliana. Mvuke bado anakunja mashuka, na kila mwezi anapanda jukwaani. Dada haendi tena. Ila onyesho likiisha humpigia simu, na ikipokewa, kabla hata ya salamu, humwambia, "Sema kitu kwanza, nikusikie."