Poliesta ya Verlyn

…na kopo alikuwa ameshalifungua, hilo ndilo lililomkera Arlys kuliko yote, kwamba aliposikia gari la Delmar likikanyaga kokoto mkono wake ulikwenda wenyewe rafuni, ukachukua bisibisi, ukabandua kifuniko cha kopo la poliesta, kana kwamba mumewe Verlyn bado yuko kwenye kigoda chake akisema fungua, fungua, waikute harufu, na sasa banda zima la gari linanuka ule uvundo mtamu unaopanda puani na kuhamia huko, na Delmar Hoekstra, mwenyekiti wa chama cha wakereza kalamu, amesimama mlangoni na kofia mkononi kama mtu aliyeingia kanisani, amefumba macho, anavuta pumzi, "Ahaa, Verlyn huyo," anasema, "Verlyn mtupu, Arlys, hata ungenifunga kitambaa machoni ningejua nipo wapi," naye akamwambia kahawa iko kwenye chupa na mikate ya nyama iko chini ya kitambaa, kwa sababu mtu anayetafuna husema machache, ingawa kwa Delmar jambo hilo halijawahi kuthibitika… na mbele yake mezani kuna kalibu, na ndani ya kalibu gunzi moja la mahindi, la mstari wa mwisho aliopanda Verlyn nyuma ya nyumba kabla hajafa, limekatwa urefu wa kalamu, linangoja kumiminiwa rezini ligande liwe kipande cha kukerezwa, kulia kwake kopo la poliesta, kushoto galoni mbili ndogo za poliuretani ambazo Delmar hajaziona, au ameziona akadhani ni rangi ya uzio, achague, amimine, Delmar achukue picha kwa simu ili chama kibaki na mbinu ya Verlyn kabla haijapotea, ndivyo alivyosema alipopiga, kabla haijapotea, kama vile mbinu ni paka, na kalamu itakayotoka itawekwa kwenye kabati la kioo maktabani na jina chini yake, Verlyn Roorda, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu miaka yake ya mwisho, ile ya utepe wa bluu wa mshindi na makofi, Verlyn hakumimina hata tone moja, aliyemimina ni yeye, Arlys, na hakumimina poliesta… poliesta inataka matone, unahesabu matone ya dawa ya kugandisha, ukizidisha kidogo tu kipande kinapata homa kwa ndani na kupasuka, kwa hiyo mwenye poliesta ni mwenye mkono uliotulia, na mkono wa Verlyn ulianza kumkimbia kanisani, katikati ya mahubiri, alipompitishia peremende kama kila Jumapili tangu waoane, peremende ikadondoka, ikabingirika chini ya viti safu baada ya safu kuelekea mimbarani, watu wakiinua miguu kuipisha, na Verlyn akakaza macho kwa mchungaji kana kwamba peremende ni ya familia nyingine… majira ya baridi ya mwaka ule vipande vilipasuka kimoja baada ya kingine, akavifukia kwenye pipa la majivu asivione mtu, akarudi ndani akasema poliesta ya siku hizi wanaichakachua, na Arlys akavaa koti, akaenda mjini, akarudi na galoni mbili, maana poliuretani haina matone, ni nusu kwa nusu, hata mizani ya kupimia sukari ya jemu inatosha, ila haisubiri, ukishachanganya una dakika chache tu, rangi, kalibu, sufuria ya presha ya kubana mapovu, koki zote zikazwe, la sivyo inakugandia kikombeni, na haipendi maji, gunzi likiwa na unyevu hata kidogo inaumuka povu kama unga wa mkate, na nani katika kaunti hii ana mikono ya haraka kuliko mwanamke aliyejaza chupa za jemu ya moto kila Agosti ya maisha yake, "Alikuwa anasemaje vile?" Delmar anauliza, mdomo umejaa, "poliesta ni ya mafundi, hiyo nyingine ni ya watu walioshikwa na haja," anacheka, mkate unampalia, anajipiga kifua, "alikuwa na mdomo yule mzee," alikuwa nao, ndiyo, aliyasema hayo mbele ya chama kizima, humu humu bandani, kopo likiwa wazi, na mfukoni mwa shati lake imechomekwa kalamu ya poliuretani aliyomiminiwa na mke wake, na wao wakaipokezana, wakaigeuza kwenye taa, wakainusa, watu wazima wenye wajukuu, wakanusa kalamu, wakasema poliesta halisi hii, pua haidanganyi, na Arlys anapita na sinia ya biskuti katikati yao, Chukua nyingine, Delmar, chukua mbili…

na kopo lenyewe limezeeka, anaona sasa, limekuwa zito kama asali ya mwaka juzi, kazi yake imekuwa kufunguliwa wageni wakija na kufungwa wakiondoka, akilimimina hilo leo gunzi la Verlyn litapasuka kwenye mashine, hana shaka, na chama kitatikisa vichwa kwa huruma, Masikini Arlys, amejaribu, lakini mkono wa Verlyn ni mkono wa Verlyn, na jina lake litazidi kunenepa kule maktabani, na akimimina hii nyingine litatoka jema, anajua litakavyotoka, na Delmar hata kama ni Delmar atajua kwamba Verlyn alisimama akawadanganya mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo ni ama amzike Verlyn mara ya pili ama ajizike mwenyewe, na wakati anawaza haya gunzi linakunywa hewa, alilikausha ovenini tangu asubuhi, nyumba nzima ikanukia bisi, na hewa ya Julai leo unaweza kuikamua, "Unaweza kusikia mahindi yakikua," Delmar anasema kutoka mlangoni, na kwa nini ulilikausha, Arlys, poliesta haijali hivyo, kwa nini mkono mmoja ukaushe gunzi na mwingine ufungue kopo… "Na wewe hukuwahi kujaribu? Miaka yote hiyo, hata kushika kikombe?" Delmar anauliza, na jibu likamjia lilivyo, lilishapigwa pasi, Mimi nilikuwa wa kuosha vikombe tu, Delmar, na akalisikia kabla halijatoka, akasikia lilivyo tamu, na utamu ule ukamshtua, kwa sababu ukumbini chini ya kanisa, jioni ya utepe wa bluu, Verlyn alisimama, mkono umefichwa mfukoni, akasema, "Hiki kipande, kusema kweli, mimi siye…" na yeye Arlys akamvuta koti kwa nyuma, kwa nguvu, Verlyn akaketi kama mtoto, watu wakadhani machozi yamemzidi, wakapiga makofi zaidi, na garini, walipofika kwenye maghala ya nafaka, Verlyn akasema, "Ungeniacha niseme." "Useme nini? Uwape cha kuchekea?" "Wangecheka pua zao, Arlys, siyo mimi," na yeye Arlys akawasha redio… na tangu hapo amejihesabia kuwa ndiye aliyembeba, aliyemsitiri, mke mwema anayemeza, kumbe aliyekuwa hataki siri iishe ni yeye, ilikuwa peremende yake hiyo, kupita na sinia kati ya wanaume wanaonusa na kujua peke yake, na Verlyn akavishwa sifa zisizo zake kama koti la marehemu lisilomkaa mabegani, akalivaa, kwa ajili yake, mpaka kaburini akalivaa… basi hakuna wa kumfichia aibu, alishasimama, alishaanza sentensi, ilibaki nusu tu, na mwenye nusu nyingine yuko hapa, na bisibisi mkononi kama mwizi.

"Arlys? Nimeshawasha simu, ninachukua," Delmar anasema, "unaweza kuanza na neno moja juu yake." Akafuta mikono kwenye aproni. "Delmar, saa yako ina mshale wa sekunde?" "Unao. Wa nini? Verlyn hakuwa mtu wa haraka." "Verlyn, hapana," akasema, akazivuta galoni mbili zikaja mbele yake, "njoo karibu hapa unisomee sekunde kwa sauti, maana mimi nikishachanganya hii, haimngoji mtu."