Tone la Gundi Dogo Kuliko Ufuta

Saa tatu asubuhi Daktari Nishiwaki Chizuru alikuwa amebakiwa na fuwele moja tu. Juzi alikuja nazo nne, nyeusi, kila moja ndogo kuliko ukucha wa mtoto, na kuziotesha kulimla miezi minane. Tatu zilikwisha kuharibika ndani ya chungu kikubwa cha chuma kilichofyonzwa hewa yote. Na saa sita mchana mwanga wa eksirei, ambao watafiti wote wa kituo hiki waliutegemea, ungezimwa.

"Saa sita!" alinguruma Tokunaga Isamu, fundi wa chungu hicho kwa miaka thelathini na moja. "Ratiba ilisema mpaka kesho. Eti wageni wa wizara wanakuja kupigwa picha. Wakubwa wa ghorofa ya tatu hao, Daktari. Wangekuwa na swichi ya jua wangelizima wapate kivuli."

Chizuru hakucheka, maana mzee hakuwa akitania sana. Miaka mitatu nyuma, mkewe Fumie alipolazwa, Tokunaga aliomba kubadilishiwa zamu, akajibiwa kwamba mwanga haumsubiri mtu. Fumie akafariki Alhamisi, yeye akiwa hapa anakaza boliti. Leo, kwa ajili ya kamera, mwanga ulikuwa umeweza kukatizwa. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Hebu nizione hizo tatu," akasema, akainamia darubini.

Mawe ya aina hii yamepangwa tabaka juu ya tabaka, kama kurasa. Juu yake hubandikwa kijiti cha kauri. Jiwe likishaingia chunguni, kijiti hugongwa kwa mkono wa chuma, kikang'oka na kurasa za juu, ukabaki ukurasa ambao hewa haijaugusa tangu uumbwe. Eksirei zikiupiga, elektroni huruka nje, na kwa kasi na pembe ya mruko wake mtu hujua zilikuwa zikiishi vipi ndani, hata pale jiwe linapopoa sana na kupitisha umeme bila kupoteza chochote. Ukurasa usipofunguka, huna kitu.

"Nani kabandika?"

"Mashine mpya. Si ndiyo agizo la juu?"

"Nilijua! Tazama, gundi imetiririka mpaka ubavuni. Kitabu umekishona pande zote, halafu unataka kifunguke?"

"Nimekishona mimi?"

"Wao. Lakini uliwasikiliza, kwa hiyo na wewe umo."

"Haya, utanisema baadaye, Toku-san. Hii ya mwisho unaiweza?"

Tokunaga akatoa sindano mfukoni mwa shati. Ilikuwa ya Fumie, aliyekuwa akitengeneza wanasesere na kuwapaka midomo kwa ncha yake, huku akimcheka mumewe kwamba ana mkono wa mng'oa figili. Akachovya gundi, akafuta nusu. Akafuta nusu tena.

"Sasa kimebaki nini hapo?" Chizuru akauliza.

"Kidogo kuliko ufuta. Kinatosha."

"Kijiti kikidondoka njiani?"

"Basi nitastaafu leo badala ya Machi."

Gundi ikakaushwa kwenye tanuri dogo, jiwe likaingizwa, likapozwa. Saa tano kasoro dakika tano Tokunaga alikuwa ameshika mpini wa ule mkono wa chuma, jicho kwenye dirisha la kioo. Hakugonga. Miaka yote hiyo, kitu kikivunjika alikuwa na ghorofa nzima ya kulaumu. Hiki kikivunjika, hapangekuwa na mtu juu yake.

"Toku-san," Chizuru akasema taratibu, "kama ni kuvunjika, nataka kivunjike mkononi mwako."

Akagonga. Kijiti kikaruka. Uso uliobaki ulikuwa laini, unang'aa kama kioo cheusi, bila mkwaruzo.

Kwenye skrini mstari mwangavu ukaanza kujijenga polepole. Ulipanda, ukakaribia juu kabisa, na kabla ya kufika ukajikunja na kurudi chini, ukaacha nafasi nyembamba tupu, alama ya jiwe linalopitisha umeme bila kupoteza chochote.

"Pengo," Chizuru akanong'ona. "Lipo! Lipo, wewe mzee!"

Walipima mpaka dakika ya mwisho. Mwanga ulipozimwa, picha zote alizozitaka zilikuwa zimehifadhiwa.

"Kwenye kitabu cha kazi niandike tulibandika kwa kifaa gani?" Chizuru akauliza, machozi yakimlenga.

"Andika sindano ya mwanasesere. Wakitaka maelezo, njia ya kushuka wanaijua."

Kisha Tokunaga akaenda kwenye chungu cha jirani, kilichokuwa kikiokwa tangu alfajiri ili unyevu utoke, kimefungwa karatasi za alumini, akapenyeza koleo kati ya mikunjo na kuchomoa kiazi kitamu, kimeiva hadi kinatoa asali.

"Na lile tangazo ukutani la kukataza chakula humu?"

"Limeandikwa na watu wasiojua kula."

Wakaketi juu ya masanduku ya vipuri, kiazi kikifuka mvuke. Mlangoni wageni wa wizara wenye tai na kamera walianza kuingia. Tokunaga aliwatazama, akatafuta hasira yake ya kila siku, akaikuta imepungua. Akampa Chizuru nusu iliyo kubwa, na ile sindano akaifuta vizuri kabla ya kuirudisha mfukoni.