Faharasa ya Kitabu cha Dada

Kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa moja: kuandaa faharasa, ile orodha ya mwisho wa kitabu inayomwonyesha msomaji jambo gani liko ukurasa gani. Hata neno "fahirisi", pacha wa faharasa, alishalipanga mara nyingi. Kwenye vitabu vya uchumi lilipima kupanda kwa bei. Kwenye vya tiba lilipima uzito wa mtoto kwa urefu wake. Hilo la pili aliliandika harakaharaka, bila kulitazama mara mbili.

Siku mhariri alipomletea mswada wa mwongozo wa wauguzi, aliona jina la mwandishi. Ni dada yake, waliyemzika miezi mitatu nyuma. Walikuwa hawasemezani miaka sita, tangu binti yake wa pekee alipofia wodini, mikononi mwa dada huyo aliyekuwa muuguzi wa zamu. Msibani alimwambia mbele za watu kwamba yeye ndiye aliyemuua mtoto. Dada mtu hakukanyaga tena nyumbani kwake.

Aliipokea kazi kwa shingo upande. Kidole chake cha shahada kilishuka mstari kwa mstari, mpaka ukurasa wa 112 kikagoma.

"Fahirisi ilikuwa imeshuka wiki mbili mfululizo," dada aliandika, "nami nikajipa moyo kwamba mizani ni mbovu, kwa sababu sikutaka iwe kweli. Usingoje kama nilivyongoja. Mwanangu alikuwa na miaka miwili."

Alilia mpaka wenzake wakamfungia mlango wamwache peke yake.

Baadaye mhariri alikuja na swali. Alikuwa amesikia kwamba marehemu hakujaliwa mtoto. Je, hilo "mwanangu" lisifutwe?

"Usilifute," alimjibu. "Mtoto nilimzaa mimi, lakini alikuwa wake vilevile."

Mhariri akaliacha. Naye kwenye faharasa, kati ya "muuguzi" na "mzio", akapachika: "mwanangu, 112".

Kesho yake aliuchukua ukurasa ule akaenda kwa mama yao. Alitaka kusema kwamba alikosea kumwita muuaji, ila wa kuombwa radhi hakuwepo tena. Mama akamwomba amsomee. Akasoma taratibu. Alipomaliza, mama aliuchukua ukurasa akaukunja.

"Alikuwa akiniuliza habari zako kila wiki," akasema. "Akanikataza nisikwambie."